Marehemu Mwenye Nyumba

Benchi liko nje ya duka langu, chini ya dirisha la nondo. Duka ni la serikali, lakini funguo ninazo mimi, na chai inayonywewa pale ni yangu, kwa hiyo wanaokaa pale nawasema ninavyotaka. Majina yao sitayataja. Si siri. Niliolewa kijiji hiki, na kwetu Wakazaki mke aliyeolewa hatamki majina ya wakubwa wa upande wa mume, awe baba mkwe, awe shemeji, awe mzee yeyote wa ukoo, hai au marehemu. Hutafuta jina lake mwenyewe la kumwita. Basi yule mrefu anayesoma gazeti kwa sauti wakati hakuna aliyemwomba ni Redio. Anayevaa nishani za vita hata kwenye jua la mwezi wa nane ni Medali. Na yule aliyeendesha trekta la shamba la serikali mpaka masikio yakaziba, siku hizi anaongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, huyo ni Tingatinga. Wao huniita Mizani, maana wanadai napunja sukari.

Jumamosi ile ya mwaka themanini na tisa hatukukaa nje kwa raha zetu. Asubuhi askari alipita na pikipiki akitangaza kwamba mtu yeyote asiwe ndani ya nyumba, zimeni majiko, acheni milango wazi. Hakusema kwa nini. Tangu niolewe hapa hawajawahi kusema kwa nini, na hatuna haja ya kuambiwa. Huko nyikani walikuwa wanakwenda kulipua bomu la nyuklia chini ya ardhi, na ardhi ikitikisika nyumba ya udongo inaweza kumwangukia mtu. Nikatoa samovari, birika letu kubwa la kuchemshia chai, nikaiweka juu ya kreti, nikatoa na sinia la maandazi, tukakaa kusubiri. Kule kusubiri ndiko kunakoniudhi kuliko mtikisiko wenyewe.

Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, ipo ofisi ya baraza la kijiji. Karani alitoka kama sisi asubuhi, akasimama uani kidogo, kisha akarudi ndani, akakaa nyuma ya pazia lake. Tulijua yupo kwa sababu pazia lilikuwa linacheza na upepo haukuwepo. Juzi yake alikuwa ametuita mkutanoni akatuambia kwamba makaa ya mawe ya majira ya baridi yatagawiwa kwa watu watulivu. Hakueleza utulivu ni nini. Lakini kila mtu alijua habari ya kesho. Kesho watu wa chama cha Nevada, wale wanaotaka mashimo ya mabomu yafungwe, walikuwa wanakuja mlimani na lori la vipaza sauti. Kila nyumba ingemsimamisha mtu wake mmoja ataje wafu wa nyumba hiyo, kisha arushe jiwe upande wa nyika, kama babu zetu walivyofukuza shari. Na huku kwetu bila makaa ya mawe hufiki mwezi wa tatu.

Redio alikunja gazeti.

— Kurasa zote nimemaliza. Hakuna hata neno moja kuhusu kesho.

— Basi hakuna kesho, alisema Tingatinga.

— Wewe cheka. Mimi nakwambia kitakachofanyika. Unapanda pale, unataja majina, kipaza sauti kinanasa, majina yanakwenda Moscow. Kule kuna mtu ameajiriwa kusikiliza tu. Anauliza, nani huyu analialia? Anaambiwa, fulani wa kijiji fulani. Basi wewe na makaa ya mawe mmeagana.

— Hayo umeyatoa wapi? nilimuuliza.

— Mwanangu ni fundi umeme kwenye mji wa askari wa mabomu, Mizani. Unasahau?

— Kwa hiyo mwanao ndiye amekwambia.

— Mwanangu hasemi kitu kabisa. Hapo ndipo ujue kuna jambo.

Medali alikuwa anafuta nishani kwa kidole gumba. Hufanya hivyo anapotaka kusema jambo zito, na mara nyingi halina uzito.

— Nyinyi mnahangaika na Moscow bure. Someni jina la hicho chama. Nevada. Nevada iko wapi? Amerika. Mimi nimepigana mpaka Berlin, na sijaona mtu anatetea nchi yake kwa kujiita jina la kijiji cha adui.

— Wamarekani nao wanalipuliwa huko Nevada kama sisi, mzee, nilisema. Ndiyo maana ya jina. Mashimo yao na yetu yafungwe pamoja.

— Shemeji, wewe pima sukari.

— Hamjui kitu nyote, alinguruma Tingatinga, na mbwa wa jirani akainua kichwa. Mimi nimeipasua ardhi hii kwa jembe la trekta, tumbo lake nalijua. Hebu fikirini. Sisi tunachimba kwenda chini, si ndiyo? Na Wamarekani wanachimba kwenda chini. Dunia ni duara. Mwisho wanakutana. Sisi tukilipua hapa, kule mtu anamwagikiwa supu. Wao wakilipua kule, kwangu kikombe kinaanguka. Hii siyo vita hata kidogo. Ni majirani wanagongeana ukuta.

— Acha kamba, alisema Redio.

— Kamba? Kaonje maji ya kisima changu, yamebadilika. Muulize Kalampir hapo, jana alichota. Kalampir! Maji yangu yana ladha ya nini?

Kalampir alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, bakuli la chai mikononi. Hakai benchi moja na wazee wa ukoo. Ni mjane, ameolewa kijiji hiki kama mimi, na ni shoga yangu tangu tukiwa mabibi harusi. Alijua anachokozwa, akatabasamu kidogo.

— Yana ladha ya kile kitu cha mhunzi, shemeji.

Tingatinga akacheka kwa furaha. Mchezo huo hauchoki kwake. Jina la baba mkwe wa Kalampir lilikuwa limeunganishwa kwa maneno mawili ya Kikazaki, jiwe na chuma, kwa hiyo Kalampir tangu alipoingia nyumba ile hajasema jiwe na hajasema chuma. Jiwe huliita kigumu. Chuma ni kitu cha mhunzi. Hata kijiji chetu, kwa kuwa jina lake lina jiwe ndani, yeye hukiita hapa kwetu. Mimi maneno hayo nayasema bila shida, jina lenyewe ndilo siwezi, maana mzee huyo alikuwa mkubwa wa ukoo wetu sote.

— Na kesho utarusha nini mlimani? Tingatinga alimwuliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

— Nitarusha kigumu, alisema Kalampir. Nimeshakiokota. Nitakwenda.

Kicheko kikaisha hapo hapo. Medali akatazama pazia la ofisi, kisha akamwambia kwa sauti ya chini:

— Shemeji, fikiria. Wewe ni mtu mmoja, jiko moja. Makaa yako yakizuiwa, nani atakupa yake?

— Nimefikiria.

— Huna mtoto wa kukutetea.

— Ndiyo sababu naenda, alisema Kalampir. Nikifa mimi, hakuna atakayesimama kwa ajili ya nyumba ile.

Alisema kama anayetaja bei ya unga. Nyumba yake ilikuwa na wanaume watatu, wote wamekwenda kwa saratani ya damu na ya koo, mmoja baada ya mwingine, na mimba zake hazikukaa. Nilizishuhudia zote. Madaktari walikuwa wanakuja kutoka mbali, wanatoa damu kwenye mikono yetu, wanaandika, wanaondoka. Ukiuliza unaambiwa ni ugonjwa wa maziwa mabichi. Nikikumbuka jibu hilo mpaka leo mate yanakuwa machungu mdomoni.

Ndipo gari dogo lililojaa vumbi likaja likasimama mbele ya duka. Akashuka binti amevaa suruali na raba, kabeba kitambaa kirefu kilichokunjwa begani. Tulikuwa tumeshamwona wiki iliyopita akizunguka nyumba kwa nyumba. Anaitwa Raushan, mwanafunzi kutoka Alma-Ata, mji mkuu wetu, mtu wa chama cha Nevada.

— Salamu wazee wangu. Salamu mama. Naomba nyundo, nining'inize hii hapa dukani ili rangi ikauke vizuri. Kesho tunapanda nayo mlimani.

— Kwanza keti, nilimwambia. Leo hatuingii ndani wala hatupigi nyundo ukutani. Kunywa chai.

— Wanalipua?

— Mpaka mchana.

Alibadilika rangi. Kumbe mtu anaweza kupinga kitu hicho miezi yote na asiwe amewahi kukisikia chini ya miguu yake. Lakini hakurudi garini. Akakunjua kitambaa chini, kwenye vumbi, mbele ya benchi, atuonyeshe. Herufi zilikuwa nyekundu, kubwa, za mkono mzuri. NYUMBA YA MAMA KALAMPIR. TUMEWAPOTEZA: BABA HAKIMU. NYUSI NYEUSI. MWENYE NYUMBA.

Medali alivaa miwani. Akasoma polepole mpaka mwisho, akarudia.

— Marehemu... Mwenye Nyumba?

Tingatinga alipaliwa na andazi. Redio alimpiga mgongoni, naye mwenyewe mabega yanamtikisika.

— Binti, nani amekupa haya? aliuliza Redio.

— Mama mwenyewe. Nilimwuliza, nikaandika.

— Mwanangu, hayo siyo majina.

Binti akatutazama mmoja mmoja, akafika kwa Kalampir. Kalampir alikuwa amesimama.

— Aliniuliza marehemu wangu nawaita nani, alisema. Nikamwambia ninavyowaita.

Hakuwa amesema uongo. Baba Hakimu ndivyo alivyomwita baba mkwe, kwa kuwa watu walimletea kesi zao. Nyusi Nyeusi ni shemeji yake mkubwa. Na mume wake, kama sisi wote tulioolewa hapa, alimwita Mwenye Nyumba. Binti wa mjini angejuaje? Majina yetu mengi ni vitu tu, mtu anaitwa Dhahabu, mwingine Chuma, mwingine Alfajiri.

— Nisameheni, alisema Raushan, na masikio yalikuwa mekundu. Kikazaki changu ni cha kuombea mkate. Nyumbani tunaongea Kirusi. Nilidhani...

— Kesho watakuja watu wa vijiji vyote, alisema Kalampir. Alikuwa anakitazama kitambaa. Watakisoma. Watamcheka Baba Hakimu?

Tingatinga aliinamisha kichwa, andazi bado mkononi. Binti alikuwa tayari amekimbilia garini. Akarudi na kopo la rangi nyeupe, kopo la nyekundu, na brashi. Akapiga magoti vumbini.

— Nafuta, naandika upya. Ni kazi ya dakika chache. Mama, niambie majina yao.

Kalampir akatikisa kichwa.

— Basi sikioni mwangu tu. Hakuna atakayesikia.

— Nitasikia mimi.

— Andika wewe, mama. Shika brashi.

— Mkono wangu na mdomo wangu ni mtu mmoja, mwanangu.

Raushan alinigeukia. Nikamweleza kwa kifupi kwamba nami niliolewa hapa, nami nimefungwa vile vile, na kwamba wanawake wote wa mtaa ule watamjibu hivyo hivyo. Akaelewa. Si binti mjinga. Akageuka na magoti yake yale yale, akawaelekea wale watatu benchini.

— Basi nyinyi wazee wangu. Walikuwa wanaitwa nani?

Sijawahi kuona swali jepesi likawa zito namna ile. Redio akafungua gazeti alilokwisha kulisoma. Medali akapata doa kwenye nishani. Tingatinga akaweka kiganja sikioni.

— Eh? Masikio haya, binti.

— Hamkuwafahamu?

— Tuliwafahamu, alisema Medali. Nani hakuwafahamu?

Ng'ambo ya barabara pazia lilikuwa limefunguka upana wa jicho. Sote tuliona, na binti akaona kwamba tumeona.

Naomba nimseme Redio hapa, maana alistahili kusemwa. Yeye na Nyusi Nyeusi walikua pamoja, walipanda farasi mmoja. Mwaka wa moto mkubwa, walipokuwa bado wanalipua juu hewani, askari waliwalaza vijana mtaroni na kuwafunika kwa mablanketi mazito ya sufu. Hao wawili walipewa blanketi moja. Wakagombana chini yake ni nani atainua ncha achungulie. Nyusi Nyeusi ndiye aliyeinua. Redio amenisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwenye benchi hilo hilo, na kila akisimulia anamwita rafiki yangu. Sasa rafiki yake amelala vumbini kwa jina la kupanga, na yeye anasoma habari za mavuno.

— Sielewi, alisema Raushan. Hakushusha sauti. Mama anazuiwa na heshima. Nyinyi mnazuiwa na nini?

Nilitaka Medali aseme makaa. Nilitaka Redio aseme mwanangu, nina mwana mmoja na yuko mikononi mwao. Yote hayo ni majibu, na nisingewacheka. Lakini hakuna aliyeweza kuyasema mbele ya Kalampir, aliyekuwa na jiko moja na hana mwana, na kigumu chake ameshakiokota. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko cha sukari kwa hasira mpaka kikapinda.

Ndipo ikaja. Kwanza mbwa alinyamaza. Kisha chai kwenye mabakuli ikafanya duara ndogo ndogo, na ndani ya duka chupa zikaanza kugongana rafuni, zote kwa pamoja, na benchi likasukumwa kutoka chini kana kwamba kuna mtu amelala pale anajigeuza. Samovari ikaanguka. Maji ya moto yakamwagika yote, yakaingia kwenye vumbi kando ya kitambaa. Binti alikuwa amekilalia kitambaa chake kwa mikono miwili. Kisha ikatulia, na kutoka ndani nikasikia chupa moja, ya mwisho, inaviringika polepole, inafika ukingoni, inaanguka.

— Imepita, alisema Kalampir. Akainama, akamwinua binti kwa kiwiko, akamfuta vumbi shavuni. Imepita, mwanangu.

Redio alisimama. Nilidhani anaondoka zake, nikawa tayari nina neno la kumtupia mgongoni. Hakuondoka. Alimpita binti, akafika ukingo wa barabara, akasimama akilitazama lile pazia. Gazeti lilikuwa bado mkononi. Akavuta pumzi, akatumia sauti ile ile ya kusomea habari.

— Tastemir, alisema. Kabden. Mukash.

Namnukuu tu. Mimi sikuyatamka.

Pazia likafungwa. Medali alisema kwa sauti iliyokauka:

— Na mwanao, ndugu yangu?

— Najua nina mwana, alisema Redio. Alibaki pale barabarani. Andika, binti. La kwanza ni neno moja, usiligawe.

Raushan alichovya brashi. Medali alizifunika nishani zake kwa kiganja, akabaki hivyo, na mpaka leo sijui siku ile alikuwa anazificha au anaapa. Chai ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeiulizia.

Kalampir alikuwa ameshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, ameiweka mdomoni. Tangu tumzike mume wake, nyumbani kwake hapakuwa na mtu aliyebaki anayeruhusiwa kulisema jina lile. Nadhani hata sisi majirani tulikuwa tumelizoea jina alilompa yeye, tukasema tu mume wa Kalampir, marehemu, yule.

— Shemeji, alisema. Masikio yangu yalikuwa bado na mvumo wa ardhi. La mwisho sikulisikia vizuri.

Alikuwa amelisikia. Sote tulijua.

Redio alijaribu, lakini sauti ya kusomea habari ilikuwa imemwishia. Kikatoka kitu kama kikohozi. Akatikisa kichwa, akakaa chini pale pale ukingoni mwa barabara.

Tingatinga akaweka andazi lake kwenye sinia, akajifuta midomo, akasimama. Yeye hajui kusema kitu kwa sauti ndogo. Alilisema, na mtaa mzima ukalisikia, mpaka nyuma ya pazia.